Kabla Hujalala Chini ya Leza ya Macho: Mwongozo Kamili wa Kemia ya Mwanga na Konea Yako

Ukienda kliniki kuulizia upasuaji wa kuachana na miwani, utarudi nyumbani na karatasi ya masharti. Usijipake marashi siku hiyo. Usitie wanja. Lenzi za kuvaa machoni ziache wiki kadhaa kabla ya vipimo. Ukishapasuliwa, jilinde na jua kwa miezi. Wengi huyachukulia kuwa amri za hospitali tu, wakayafuata nusunusu. Lakini karibu kila sharti kwenye karatasi ile lina sababu yake kwenye kemia, na nyingi ya sababu hizo zinaanzia kwenye namba moja: 193. Huo ndio urefu wa wimbi, kwa nanomita, wa mwanga unaochonga konea. Ukiielewa namba hiyo utajua cha kumuuliza daktari, cha kukubali, na wakati wa kusema hapana.

Unazungumzia leza ipi?

Mashine za leza kwenye kliniki za macho ni nyingi na kazi zake hazifanani. Ile inayotumika kwenye retina ya wagonjwa wa kisukari huunguza: mwanga wake wa kijani unapita kwenye konea bila kuidhuru, unafyonzwa nyuma ya jicho, na joto ndilo linalofanya kazi. Ile ya femtosekunde, yenye mipigo mifupi mno ya mwanga usioonekana wa kati ya nanomita 1,030 na 1,053, hupasua. Nishati yake inakusanywa kwenye nukta moja ndani ya konea hadi plazima, yaani gesi yenye chaji za umeme, itokee na kiputo kidogo kifumuke. Maelfu ya viputo hivyo vikipangwa safu moja, tishu inaachana. Ya tatu ni eksaima ya argoni na florini. Hii ndiyo inayobadilisha namba ya miwani katika PRK na LASIK, aina mbili za upasuaji wa kuachana na miwani, na kati ya hizo tatu ndiyo pekee inayofanya kazi kwa kuvunja vifungo vya kikemia moja kwa moja.

Kwa hiyo ukiambiwa "tunatumia leza ya kisasa", swali la kwanza ni: ya kufanya nini? Katika LASIK ya siku hizi kwa kawaida utapita chini ya mbili. Femtosekunde inakata tabaka jembamba la juu la konea linalofunuliwa kama kifuniko, eksaima inachonga chini yake.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini 193

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho. Katikati ina unene wa takriban mikromita 540, zaidi kidogo ya nusu milimita. Juu kabisa kuna ngozi laini iitwayo epithelia, mikromita 50 hivi, ambayo ikikwanguliwa hujiotea upya ndani ya siku chache. Chini yake iko stroma, ambayo ni karibu asilimia 90 ya unene wote: nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa nidhamu kubwa ndani ya maji, na maji hayo ni zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Mpangilio huo ndio unaoifanya konea ipitishe mwanga. Tofauti na epithelia, stroma haijioteshi tena. Kilichoondolewa kimeondoka, na hesabu zote za hatua ya pili zinasimama juu ya ukweli huo.

Sasa fotoni. Chukua 1,240, gawa kwa urefu wa wimbi kwa nanomita. Jibu ni nishati ya fotoni moja kwa elektroni-volti. Leza ya kijani ya nanomita 532 inakupa 2.3. Eksaima ya nanomita 193 inakupa 6.4. Kifungo cha kawaida kati ya kaboni na kaboni kinahitaji takriban 3.6 ili kikatike. Kile cha kaboni na nitrojeni, takriban 3.2. Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Fotoni ya kijani haifiki kiwango hicho, na kuongeza wingi wake hakusaidii katika hali za kawaida. Ni sawa na kupopoa embe: changarawe mia zitatikisa majani tu, jiwe moja lenye uzito wa kutosha linaliangusha. Mtikisiko huo, kwa tishu, ndio joto. Leza ya kijani yenye nguvu kubwa itaipika tishu kabla ya kuikata.

Kuna jambo la pili lenye uzito uleule. Kiungo cha peptidi, kinachoshikanisha amino asidi za kolajeni, hufyonza mwanga wa nanomita 193 kwa pupa. Mwanga huo ukigusa konea unaishia ndani ya unene usiofika hata mikromita moja. Tishu iliyo chini haipati kitu, lenzi ya ndani ya jicho haipati kitu, retina haipati kitu. Kinyume na hofu ya wengi, mwali huu hauwezi "kutoboa jicho" ukipotea njia. Hauna uwezo wa kufika huko.

Mpigo mmoja unadumu nanosekunde 10 hadi 20 hivi. Katika muda huo fotoni zinajazana kwenye tabaka jembamba, vifungo vinakatika kwa wingi, na molekuli ndefu za kolajeni zinageuka vipande vidogovidogo. Vipande hivyo vinahitaji nafasi kubwa kuliko ile iliyokuwepo. Shinikizo linapanda ghafla, na vyote vinarushwa juu kwa kasi inayozidi ile ya sauti, vikiondoka na sehemu kubwa ya joto. Kinachobaki ni shimo la kina cha takriban robo ya mikromita, na ukingo wake ni safi. Ili hilo litokee, nishati kwenye kila sentimita ya mraba lazima ivuke kizingiti cha takriban milijuli 50. Chini ya hapo tishu inapata joto na kuvurugika bila kuondoka, ndiyo maana mashine huendeshwa juu ya kizingiti kwa kiasi cha kutosha.

Vijitabu vya matangazo huiita "leza baridi". Nadhani ni kutia chumvi. Sehemu ya nishati inageuka kuwa joto, na uso wa konea hupanda nyuzi kadhaa wakati wa kuchonga. Mashine nzuri zinalijua hilo, kwa hiyo haziachi mipigo miwili ifuatane mahali pamoja. Zinarukaruka huku na huku ili kila nukta ipate muda wa kupoa. Baridi ukilinganisha na leza inayounguza, sawa. Baridi kabisa, hapana.

Swali linaloulizwa sana na watu waangalifu: je, huu si mwanga wa urujuanimno (UV), na urujuanimno si unaharibu DNA? Ni swali zuri. Watafiti walilinganisha nanomita 193 na 248, ambayo ni ya eksaima nyingine ya kriptoni na florini. Ile ya 248 inazama ndani zaidi na DNA inaifyonza vizuri, kwa hiyo ina hatari ya kuvuruga vinasaba. Ya 193 inanaswa na protini za seli kabla ya kufika kwenye kiini. Ndiyo maana 193 ilichaguliwa na 248 ikaachwa.

Eksaima yenyewe ni kituko cha kemia. Argoni ni gesi isiyopenda kuungana na chochote. Lakini ukiichanganya na florini kidogo ndani ya gesi ya neoni au heli, kisha ukapitisha umeme wa volti nyingi, atomi moja ya argoni na moja ya florini zinashikana kwa muda mfupi mno zikiwa zimesisimka. Zikitoa fotoni ya 193, hazina tena sababu ya kushikana, zinaachana papo hapo. Kwa kuwa hali ya chini haikai, kila wakati zilizosisimka ni nyingi kuliko zilizotulia, na hilo ndilo sharti la leza. Florini ni sumu na hula vifaa. Gesi inachoka na kubadilishwa kwa ratiba. Hata hewa ya kawaida haiupendi mwanga huu: oksijeni hufyonza kiasi chake na kugeuka ozoni, ndiyo maana njia ya mwali ndani ya mashine hujazwa nitrojeni.

Habari za nani aliyegundua ni fupi na zinafurahisha. Rangaswamy Srinivasan, mkemia mzaliwa wa India, alikuwa kwenye maabara ya IBM huko Yorktown Heights, jimbo la New York, pamoja na wanasayansi wenzake James Wynne na Samuel Blum. Walikuwa wakichonga plastiki kwa eksaima. Tarehe 27 Novemba 1981, siku iliyofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Srinivasan alileta kazini mabaki ya bata mzinga wa jana. Wakaipiga gegedu yake kwa nanomita 193: ikachongeka safi. Walipojaribu nanomita 532, ikaungua. Baadaye walichonga unywele wa binadamu, na picha yake ya darubini ya elektroni imezunguka dunia nzima: pengo baada ya pengo, kingo zimenyooka, hakuna mahali palipobabuka. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa Chuo Kikuu cha Columbia alichapisha pamoja na Srinivasan kazi ya kwanza juu ya konea. Marekani iliidhinisha PRK mwaka 1995.

Hatua ya 2: Piga hesabu mwenyewe

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Omba namba tatu kutoka kwenye vipimo vyako: unene wa konea pale ilipo nyembamba zaidi, namba ya miwani, na kipenyo cha eneo litakalochongwa.

Kwa mtu asiyeona mbali, makadirio yanatokana na fomula ya Munnerlyn: zidisha kipenyo kwa chenyewe kwa milimita, gawa kwa 3, jibu lizidishe kwa dayopta, yaani namba ya miwani yako. Eneo la milimita 6 linatoa mikromita 12 kwa kila dayopta. Eneo la milimita 6.5 linatoa 14.

Mtu wa kwanza ana konea ya mikromita 540 na namba −4.00, eneo la 6.5. Anachongwa 56. Akifanya LASIK yenye kifuniko cha mikromita 110, chini yake inabaki 540 toa 110 toa 56, yaani 374. Yuko salama kwa mbali. Kwa kina cha robo mikromita kwa mpigo, hizo 56 ni tabaka 224, ingawa mashine za kisasa hutumia doa dogo lisilofika milimita moja na hivyo hupiga maelfu ya mipigo ili kulifunika eneo zima.

Mtu wa pili ana konea ya 500 na namba −8.00. Anachongwa takriban 113. Toa kifuniko cha 110, inabaki 277. Mpaka wa kale unaotajwa sana ni kwamba stroma iliyobaki isipungue 250. Kwa mpaka huo amepita. Lakini madaktari wengi wanataka 300, na kuna kipimo cha pili: jumla ya kifuniko na kilichochongwa isizidi asilimia 40 ya unene wa mwanzo. Kwake yeye ni 223 kati ya 500, karibu asilimia 45. Kwa kipimo hiki ameanguka. Kwa nini kifuniko kihesabiwe wakati kimerudishwa mahali pake? Kwa sababu nyuzi zilizokatwa hazirudi kushikana kwa nguvu ya zamani; kifuniko kinabaki juu ya konea lakini mzigo wa shinikizo la jicho unabebwa na kilicho chini. Konea iliyobaki dhaifu inaweza kuanza kutuna taratibu, na tatizo hilo ni gumu kuliko miwani aliyokuja kuikimbia.

Mtu huyo akifanya PRK, hesabu inageuka: epithelia 50 na kilichochongwa 113, jumla 163, kama asilimia 33. Hapo kuna la kuzungumza. Huenda pia jibu likawa lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, au miwani yake iendelee.

Hesabu hii ni makadirio. Mashine huongeza eneo la mpito pembeni na mara nyingi huchonga zaidi ya fomula. Omba kuona karatasi ya mpango wa mashine, ile iliyoandikwa kina cha juu kabisa cha kuchonga, uiweke badala ya namba yako. Kliniki inayokataa kukuonyesha, mimi ningeondoka.

Unene peke yake hautoshi. Lazima kuwe na ramani ya konea ya mbele na ya nyuma, maana konea inayoanza kuchongoka, yaani kutuna mbele mithili ya koni, huonekana huko kabla mgonjwa hajahisi lolote. Kama tangu utotoni una mzio wa macho na tabia ya kuyafikicha, sema. Mzio wa aina hiyo ni wa kawaida kwa watoto wa Afrika Mashariki, na kufikicha macho kunahusiana na konea kuchongoka.

Hatua ya 3: Chagua njia

Katika PRK, epithelia inaondolewa na eksaima inachonga juu ya stroma moja kwa moja. Maumivu siku mbili tatu, kuona vizuri kunakuja polepole kwa wiki. Haina kifuniko, kwa hiyo hakuna cha kufunuka siku ukipigwa usoni. Mwanamasumbwi, askari, au mwenye konea nyembamba ningemwelekeza huku.

LASIK ina kifuniko, na ndiyo sababu maumivu ni kidogo na wengi wanaona vizuri kesho yake. Ina gharama yake: mishipa ya fahamu ya konea inakatwa kwa wingi zaidi, ukavu wa macho unaongezeka, na kifuniko kinaweza kuhama kwa kishindo hata baada ya miaka.

SMILE haitumii eksaima kabisa. Femtosekunde inakata kipande chembamba ndani ya stroma na daktari anakitoa kwa tundu dogo. Ni njia nzuri, ila kemia ya nanomita 193 haihusiki.

Hatua ya 4: Wiki za kabla

Lenzi laini ziache wiki moja hadi mbili kabla ya vipimo, lenzi ngumu wiki tatu nne au zaidi. Lenzi hukandamiza konea na kuipunguzia oksijeni, umbo linabadilika. Ukipimwa ukiwa umetoka kuzivua, leza itachonga kwa kufuata ramani ya uongo.

Namba yako iwe imetulia, isibadilike zaidi ya nusu dayopta kwa mwaka. Walio chini ya miaka 18 wasubiri. Wajawazito na wanaonyonyesha pia, maana homoni hugusa konea na machozi. Mtaje daktari kila dawa unayomeza, hasa isotretinoini ya chunusi, na maradhi kama lupasi au baridi yabisi. Kama macho yako ni makavu sana, yatibiwe kwanza.

Na uliye karibu na miaka 40: leza ya konea haizuii macho ya kusomea kudhoofika. Lile ni suala la lenzi ya ndani, na utahitaji miwani ya kusomea vilevile.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Anza na marashi. Kwa watu wa pwani sharti hili ni zito, maana nguo zinafukizwa udi na kichwa kinapakwa mafuta ya kunukia. Molekuli nyingi za manukato zina vifungo viwiliviwili vinavyofyonza urujuanimno, na mvuke wake unaelea njia ileile ya mwali. Zaidi ya hapo, unaweza kutua kwenye vioo vya mashine. Watengenezaji wa mashine hukataza. Vaa nguo iliyofuliwa ambayo haikukaa kwenye sanduku la udi. Wanja na maskara viache siku kadhaa kabla, si asubuhi hiyo tu, kwa kuwa punje zake hujificha kwenye kope na zikiingia chini ya kifuniko ni balaa.

Kabla hujaingia, fundi hupiga leza kwenye kipande cha plastiki au filamu maalumu ili kuhakikisha kila mpigo unachonga kina kinachotakiwa. Uliza kama imefanyika leo. Uliza pia kuhusu kiyoyozi: chumba kinatakiwa kuwa na joto na unyevu visivyoyumba, kwa kawaida nyuzi 18 hadi 24. Sababu ni kwamba kinachofyonza mwanga kwa nguvu ni kolajeni, na maji matupu hufyonza kidogo tu. Stroma ikikauka, kolajeni inasongamana, na kila mpigo unaondoa tishu nyingi kuliko ilivyopangwa. Unatoka umerekebishwa kupita kiasi. Ikilowa, unatoka na namba iliyobaki. Na kama juu ya stroma kumeachwa utando wa maji ya chumvi, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa chumvi hufyonza nanomita 193 vizuri kuliko maji yenyewe, na mwali unapunguzwa nguvu kabla haujafika. Ndiyo maana utamwona daktari akifuta kwa sponji, kisha akaharakisha. Hachezi na muda: baada ya stroma kuwa wazi, kila dakika inaibadilisha.

Utatiwa matone ya ganzi, kope zitashikiliwa kwa kifaa kidogo cha waya, utaambiwa utazame taa inayomweka. Jicho likichezacheza kidogo, kamera inalifuata. Likienda mbali, leza inajizima. Utasikia mlio wa tatatata na utanusa harufu ya nywele zilizoungua. Usishtuke, jicho haliungui. Hiyo ni harufu ya vipande vya kolajeni vikiruka hewani, na kuna bomba linalovivuta. Kuchonga kwenyewe mara nyingi hakufiki dakika moja kwa jicho.

Katika PRK ya namba kubwa, daktari huweka sponji yenye mitomaisini ya asilimia 0.02 juu ya stroma kwa sekunde chache kisha husuuza sana. Hiyo ni dawa inayofunga DNA za seli ili zisizaliane ovyo, na kazi yake inaonekana hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Siku na miezi ya baada

Epithelia ikijeruhiwa, seli za stroma zilizo karibu hufa, na nyingine huamka kuziba pengo. Baadhi hugeuka seli za kovu. Seli hizo hazina uwazi wa zile za mwanzo na hutandika kolajeni bila mpangilio, na mwanga unatawanyika. Huo ndio ukungu unaoogopwa baada ya PRK. Mitomaisini inaupunguza, matone ya steroidi yanaupunguza, na jua linauchochea. Kumekuwa na wagonjwa waliokuwa wazima kwa miezi, ukungu ukawajia baada ya kukaa kwenye jua kali. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna msimu wa jua dogo. Aliyefanya PRK avae miwani ya jua inayozuia urujuanimno kila anapotoka mchana, kwa miezi kadhaa na ikibidi mwaka mzima. Rangi nyeusi ya kioo si kinga. Tafuta iliyoandikwa UV400.

Baada ya PRK utavaa lenzi laini ya kufunika kidonda kwa siku tatu hadi tano hivi. Usiitoe mwenyewe. Matone ya ganzi usiyaombe kwenda nayo nyumbani hata kama unaumwa: yanazuia epithelia kuota na yanaweza kuliharibu jicho. Baada ya LASIK, usifikiche jicho, lala na kinga usiku wa mwanzo, na kaa mbali na bwawa la kuogelea na bahari kwa wiki kadhaa. Anayepanda bodaboda avae miwani ya kuzuia vumbi. Steroidi ni lazima uzitumie kwa ratiba ya daktari na upimwe shinikizo la jicho njiani, kwani baadhi ya watu shinikizo huwapanda.

Ramani ikionyesha konea imechongoka

Usifanye LASIK. Hapo kuna mwanga mwingine, wa kuikakamaza konea badala ya kuichonga, na kemia yake inakwenda upande wa pili kabisa. Madaktari na watafiti wa Dresden, Ujerumani, akiwemo Theo Seiler, Eberhard Spoerl na Gregor Wollensak, waliripoti matokeo ya kwanza kwa wagonjwa mwaka 2003. Marekani iliidhinisha njia hiyo mwaka 2016.

Epithelia inaondolewa, na matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, yanatiwa kwa dakika 30 hadi stroma iwe ya njano. Kisha taa ya urujuanimno ya nanomita 365 hadi 370 inawashwa kwa dakika 30 kwa nguvu ya miliwati 3 kwa sentimita ya mraba. Jumla ni juli 5.4. Fotoni ya mwanga huu ina elektroni-volti 3.4 tu, na kolajeni haiifyonzi sana, kwa hiyo peke yake isingefanya kitu cha maana. Riboflavini ndiyo inayoidaka. Ikisisimka, inapora elektroni kwa molekuli jirani au inaipa nishati yake oksijeni, na oksijeni hiyo kali inaunganisha protini za stroma kwa vifungo vipya. Konea inakakamaa na kuacha kutuna. Lengo ni kusimamisha ugonjwa. Ukitoka humo bado utahitaji miwani au lenzi.

Mambo mawili ya kuuliza. Kwanza, unene bila epithelia ufike mikromita 400, maana riboflavini inatakiwa iumalize mwanga kabla haujafika kwenye seli za ndani kabisa za konea, ambazo zikifa hazizaliwi tena. Pili, kama wanatumia mtindo wa haraka, mathalani miliwati 9 kwa dakika 10, jumla ni ileile 5.4 kwa karatasi. Ila oksijeni ndani ya stroma huisha sekunde chache baada ya taa kuwaka na hurudi taratibu, kwa hiyo taa kali mara nyingi hukakamaza kina kifupi zaidi. Unaokoa muda na kupoteza kiasi. Kwa mtoto ambaye konea yake inachongoka haraka, ningeomba ile ya polepole.

Karatasi za kutunza

Kabla ya kuondoka kliniki mara ya mwisho, chukua nakala ya ramani za konea za kabla, unene wa kabla, namba ya kabla, na kina kilichochongwa. Piga picha, itume kwenye barua pepe yako. Miaka 30 ijayo huenda ukahitaji upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari anayekokotoa lenzi ya kupandikiza atadanganywa na konea iliyochongwa asipokuwa na namba hizo.

La pili ni presha ya macho. Kipimo cha kawaida cha shinikizo hukandamiza konea, na konea iliyopunguzwa unene inasoma chini kuliko ukweli. Watu wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo, na tafiti za Marekani zimeonyesha konea zao kwa wastani ni nyembamba kidogo tangu mwanzo. Kila utakapopimwa macho, hata kama ni duka la miwani, tamka kabla mashine haijakugusa: "Nilichongwa konea kwa leza," utaje na mikromita ngapi. Kisha omba wakuangalie na mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, wasitegemee shinikizo peke yake.